Maua ya Bikira, Mihogo ya Spesiosa

Habari ya kifo cha Spesiosa ilinikuta nikitwanga sombe, yaani kisamvu, uani kwangu, hapa Fizi-Centre. Aliyenipigia simu ni mwanafunzi wangu wa zamani, anayejua kwamba sisi watu wazima wa Baraka tulijuana wote. Akasema tu, "Madame, ule mama wa Burundi wa kule Lweba, mama Odeta, amekufa jana," kisha akaendelea kunieleza habari za mvua na matope ya barabarani. Sikumsikiliza. Niliacha mchi ndani ya kinu, nikakaa kitako chini, mwanamke wa miaka sitini na minne, mkuu wa shule mstaafu, na kitu cha kwanza kilichonijia si machozi. Ni hasira. Nilimkasirikia marehemu kwa kufa kabla mimi sijapata ujasiri. Ona upumbavu huo! Nilikuwa na miaka arobaini na minane ya kwenda Lweba, mwendo wa pikipiki tu, nikawa nasema nitakwenda likizo hii, nitakwenda Pasaka ijayo. Vita vikaja, tukakimbia, tukarudi, vikaja tena, na kila mara nilishukuru kimoyomoyo kwamba barabara ni mbaya. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi hata kidogo, imenifikisha mpaka kustaafu.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala nani alinizaa, maana hao hawana kosa. Kosa lilitendeka Baraka, nyuma ya nyumba ya shangazi Wabiwa, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na sita, nchi ingali inaitwa Zaire. Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na viti vinne vya mbao na picha ya Bikira Maria iliyoliwa na mchwa upande mmoja. Cha nyuma ndicho nililala mimi, pamoja na magunia ya unga, jembe, na kuku wawili waliokuwa wakiatamia. Ukuta wa katikati haukufika juu, kwa hiyo kila neno lililosemwa mbele lilinifikia nyuma hata kama sikulitaka. Dirisha langu dogo lilitazama mfereji. Mfereji huo ulitoka kwenye kijito cha juu, ukapita nyuma ya uwanja wetu, ukaendelea zake ziwani, na kando yake wanawake wa mtaa walikuwa wamechimba mashimo ya kulowekea mihogo. Mihogo yetu ni ile michungu. Ukiila bila kuiloweka vizuri itakutapisha na kukuzungusha kichwa. Unaimenya, unaitia shimoni, unaifunika kwa majani ya mgomba na mawe, unaiacha siku tatu mpaka ilainike na kunuka. Mgeni akipita huziba pua, lakini kwetu harufu ile ni ya chakula kinachokuja. Mpaka leo nikiisikia nasikia njaa na aibu kwa pamoja.

Siku moja, mwanzoni mwa kiangazi, maseri Justina, mtawa wa parokia yetu, alikuja kumwona shangazi. Nilikuwa nyuma, nimelala juu ya gunia na daftari la jiografia, nikasikia jina langu, nikaacha kupumua.

"Kila mwaka tunamuwekea Bikira maua ya makaratasi," maseri alisema. "Haya gani hii, mama Wabiwa! Kule Fizi tuko na maua nyeupe, arumu, muzuri sana, lakini ukiishusha huku chini, joto inaiua siku mbili. Sasa mi nasema hivi. Faila iko na akili. Nitamuletea mbegu yake. Kama anaiotesha mpaka inafunguka siku ya Bikira, mwezi wa nane, mi mwenyewe nitamuombea nafasi ya bweni kule juu. Lakini nafasi iko moja tu, na bamama bengi balishaleta majina ya batoto yao."

"Na kama inakufa?"

"Kama inakufa, sitakuwa na maneno ya kusema mbele ya bakubwa yangu."

Shangazi akasema kwa sauti ya mtu anayezungumzia mbuzi: "Basi ataenda Kazimia. Kule kuko muntu wa samaki alishatuma bantu mara mbili. Mi siwezi kulisha musichana wa bure." Nikajua papo hapo hesabu yangu. Maua, au kuolewa na yule mtu wa samaki ambaye niliwahi kumwona mara moja, na alikuwa na mtoto wa kiume mwenye umri wangu.

Maseri alileta viazi saba vya maua yale, vimefungwa ndani ya kitambaa chenye maji. Nilivipanda uani, nikavimwagilia asubuhi na jioni, na juma la pili viwili vikaoza. Nililia kwa sauti pale kando ya mfereji, na Spesiosa akanisikia. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mwanamke mrefu, mkimya, aliyepewa kijumba cha jikoni ng'ambo ya mfereji pamoja na binti yake mchanga, Odeta, ambaye hakushuka mgongoni mwake isipokuwa kwa kunyonya. Alivuka, akachuchumaa, akatia kidole udongoni. "Mukobwa wanje," aliniambia, ndivyo alivyoniita siku zote, binti yangu kwa Kirundi, "hii iko maua ya mulima. Miguu yake inapenda baridi. Iweke ndani ya maji, lakini si maji yenye kulala. Maji yenye kutembea." Tulichukua sufuria za shangazi zilizotoboka, tukaweka mbolea ya ng'ombe chini kabisa, juu yake matope, juu ya matope changarawe ili mkondo usiyachukue. Tukazika sufuria zile katikati ya mfereji, maji yakafika kwenye vifundo vya majani, tukazijengea mawe pembeni na kibanda cha makuti kwa juu ili jua la saa sita lisizifikie. Alifanya yote hayo na mtoto mgongoni, na nilipotaka kumpa bakuli la ndagala, dagaa wetu wa ziwani, alicheka. "Mupe Bikira," alisema. "Mi nitaona maua tu." Majani yakasimama, mapana, ya kijani kibichi. Kila asubuhi alipokuja kuchota maji alisema, "Yambo, Bikira," kwanza kwa maua, kisha kwangu.

Sasa nieleze jambo moja ambalo watu wa mjini hawalijui. Kwetu haisemwi kwamba mihogo imelowekwa tu, husemwa nani ameiloweka. Kuna wanawake wenye mkono mzuri, mihogo yao hulainika siku ya tatu bila kukosa, na kuna wenye mkono mbaya, na huyo hata mume humcheka. Mihogo ya sherehe hutiwa shimoni na mkono mmoja tu uliochaguliwa. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa wameshaona kwamba mihogo ya Spesiosa haikuwahi kukataa. Kwa hiyo, siku ya Bikira ilipokaribia na kila nyumba imetoa kikapu chake kwa ajili ya wageni wa parokia, walimchagua yeye. Mkimbizi! Mwanamke aliyelima shamba la watu na kulala jikoni mwa watu! Alikuja kuniambia huku anajaribu kutotabasamu. Halafu tabasamu likamtoka. "Faila, mi naogopa. Nilizika mutoto wangu mwingine njiani, tukikimbia. Hatukufanya sherehe ya kumaliza kilio. Kwetu, muntu wa kilio hatiage mukono ndani ya kitu ya bantu." Na mimi, hodari wa darasa, nikamjibu: "Aa, hapa si Burundi. Tia mukono." Akakubali.

Alitia mkono Jumatatu, ndani ya shimo kubwa lililo juu kidogo ya maua yangu. Wakati huo kiangazi kilikuwa kimekaza, mfereji umebaki uzi wa maji, na uzi wenyewe sasa ulipita kando ya shimo lile ukichukua povu na uchachu wake. Jumanne majani yangu yalianza kuwa manjano. Kulikuwa na vichomozo sita vya maua, bado vimejikunja, na kimoja kilikuwa kimeshalegea. Jumatano saa sita mchana, wanawake wote wako kanisani wanafanya mazoezi ya nyimbo, nilichukua jembe la shangazi. Nilipanda juu kule kijito kinapoingia, nikachimba mkato mwembamba, nikaelekeza maji yote ya baridi yaingie shimo la mihogo, yapite ndani yake na kuusafisha uchachu mpaka uishe, yatokee chini, yaje kwa maua yangu yakiwa safi. Nikafunika mkato kwa nyasi. Nimesomesha watoto kwa miaka mingi kwamba asiyejua hana hatia. Lakini mimi nilijua. Kila msichana wa Baraka anajua kwamba mihogo inataka maji yaliyolala, yenye joto, na kwamba ukiipitishia maji yanayotembea itakaa migumu mpaka Mungu arudi. Niliziweka pande mbili mezani, mihogo ya watu na bweni langu, na nikachagua bweni.

Alhamisi shangazi alibonyeza muhogo kwa kidole gumba. Ulikuwa mgumu. Ijumaa ulikuwa mgumu. Jumamosi Spesiosa alikuja mara nne, akainua majani ya mgomba, akabonyeza, akayarudisha taratibu, na midomo yake ikitembea katika sala. Maji ya mle yalikuwa ya baridi, naye alikuwa mtu wa kujua maji. Angepanda hatua thelathini tu kuelekea juu angeuona mkato wangu. Hakupanda. Alikuwa anatazama mikono yake. Nyuma yake, hatua kumi chini, maua yangu yalikuwa yamesimama tena. Jumapili wakachoka kungoja, kwa sababu mihogo lazima ikauke na kutwangwa kabla ya sikukuu. Wakaitoa hivyo hivyo, wakaikatakata, wakaianika juu ya mabati. "Itapita tu," shangazi alisema. "Bageni batakula na samaki, hawataskia."

Siku ya Bikira maua sita yalifunguka, meupe, yenye umbo la kikombe, na kanisa zima lilinyoosha shingo. Padri alisema kwamba mwaka huu Bikira amevikwa na mikono ya binti wa Baraka, wanawake wakapiga vigelegele, maseri Justina akanifinya bega. Spesiosa alikuwa amesimama nyuma kabisa, akaniinulia mkono. Yeye alikuwa wa kwanza kufurahi, kweli kabisa. Tukatoka, tukakaa chini ya mahema, ukaletwa bugali na samaki wa mikeke wa kukaanga na sombe yenye mawese mengi. Bugali ulikuwa na madonge, na nyuma ya ulimi ukawa na uchungu. Wenye adabu walimeza. Kabla jua halijashuka watu walikuwa wanatapika nyuma ya kanisa, wengine wameshika vichwa wamelala juu ya mikeka, na mgeni mmoja mzee akabebwa kwa machela. Hakufa mtu, Mungu apewe sifa. Lakini neno sumu likaanza kutembea, na neno hilo likishatoka mdomoni halirudi tena.

Kesho yake wanawake walijaa uani kwetu. Walimweka Spesiosa katikati. Mimi nilikuwa dirishani, hatua tano kutoka kwake.

"We mama, tulikupokea," alisema mmoja. "Tulikupa maji, tulikupa shamba. Sasa unatupatia sumu?"

"Sikutia sumu."

"Mihogo ilikataa ju ya nini? Siku sita! Umeshaona wapi?"

Spesiosa alifungua mikono yake, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akasema mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu: "Niko na kilio. Nilizika mutoto njiani, sikumaliza kilio yake. Ni mukono yangu. Munisamehe." Uwanja mzima ulipiga mguno. Akainua macho, akaniona dirishani, na akatikisa kichwa kidogo kunionyesha nisitoke, nisije nikajiingiza katika shida yake. Alinihurumia mimi! Ulimi wangu ulikuwepo, na sentensi ilikuwa fupi kabisa: ni mimi nilichimba. Niliimeza, na niliyoimeza haikulainika mpaka leo. Wakaamua asiguse tena maji ya mtaa, na kabla ya juma kwisha alikuwa amefunga kitenge chake na sufuria moja, akaelekea Lweba na Odeta mgongoni. Alipopita kando ya mfereji alisema, "Bakia vizuri, mukobwa wanje. Usome."

Mchana wa siku ile shangazi alikwenda kuangalia kwa nini shimo kubwa halikauki. Nilimwona kupitia dirisha akifuata maji kwenda juu, akisimama, akiinama, akiondoa nyasi. Alikaa pale muda mrefu. Kisha akafukia mkato kwa mguu, akaukanyaga mpaka ukawa sawa na ardhi, akarudi na kuliosha jembe ingawa halikuwa chafu. Nilingoja anipige. Laiti angenipiga! Aliweka sahani mbili mezani, bugali wa unga wa sokoni na ndagala. "Kula," akasema. "Na ufunge kinywa. Nafasi iko moja." Alitazama pembeni tulipokula, nami pia, na toka siku hiyo hatukuwahi tena kutazamana vizuri, mimi na yeye, mpaka alipokufa katika ukimbizi ng'ambo ya ziwa. Ndiyo, yeye naye aliishia kuomba maji ya watu. Nilikwenda bwenini mwezi wa tisa. Nikawa mwalimu, nikawa mkuu wa shule, watu wakasimama nikiingia. Husema majuto ni mjukuu. Uongo! Yangu yalizaliwa siku ile ile, na yakakua pamoja nami.

Basi nilikwenda Lweba kwenye kilio. Nilikata arumu sita nyuma ya nyumba yangu, maana hapa milimani zinaota zenyewe kwenye mtaro, hazihitaji kumwonea mtu, nikazifunga kitambaa chenye maji kama alivyofanya maseri. Odeta nilimtambua kwa urefu wake. Alinikaribisha juu ya mkeka bila kujua mimi ni nani, akayaweka maua pembeni, akaniletea chakula. "Ukule bila woga, tantine," akasema, akiniita shangazi kwa heshima. "Hii unga ni ya jirani. Sisi, nyumba hii, haturowekage mihogo."

Nikauliza kwa nini, na moyo wangu ulishajua.

"Mama alikatazaka. Alikuwa anasema mukono yake inakatalisha mihogo. Kule Baraka ilikuwa inakaribia kuua bantu. Toka ile siku hakutia tena mukono. Hata mi alinikataza, anasema iko ndani ya damu. Bwana yangu wa kwanza alinirudisha ju ya ile mambo. Bibi gani asiyeroweka mihogo?" Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekizoea kisa chake. Bugali ulikuwa laini, mweupe, wala hauna uchungu wowote, nami nikalirudisha tonge sahanini.

Nikamwambia. Yote. Jembe, Jumatano, nyasi, dirisha. Nilisema kwa sauti ya darasani kwa sababu sina nyingine, na waombolezaji wawili waliokuwa karibu wakaacha kuongea. Odeta hakulia wala hakunitukana. Alinitazama mikono, si uso. Mwishowe akauliza, "Na haukumuambia?" Nikasema hapana. "Na ulikuwa Fizi tu? Miaka yote?" Nikasema ndiyo. Akainuka, akaenda kugawa maji kwa wageni wengine. Nilikaa pale mpaka asubuhi kwa sababu hakunifukuza, na kulipokucha alisimama mbele yangu na kikapu chenye mihogo mitatu mibichi. "Nionyeshe," akasema. Tukashuka kwenye kijito cha nyuma ya nyumba. Nilichagua shimo ambalo maji yalikuwa yamelala, nikamwonyesha pa kuweka mawe. Mwanamke wa karibu miaka hamsini, bibi wa wajukuu, na mkono ule ulisimama juu ya maji kabla haujaingia. Aliporudi nyumbani hakuniaga. Maua yangu yalikuwa bado pembeni ya mkeka, ndani ya kitambaa.

Siku ya nne simu ililia nikiwa jikoni.

"Imelainika," Odeta alisema.

"Yote?"

"Yote. Hata moyo yake inapondeka na kidole." Nikamsikia akipumua. "Siku tatu, tantine. Ni siku tatu tu. Mama alikaa miaka makumi ine na munane."

Akakata simu.